Umepata kitara cha zamani? Mwongozo kwa anayeanza, Mtwara na Lindi

Kila msimu wa korosho ukiisha na watu wakishika hela kidogo, simu yangu huanza kulia. Mmoja yuko Nachingwea, karithi upanga wa babu yake. Mwingine yuko Mikindani, kaona kitara ukutani kwa jirani na anataka kukinunua. Wa tatu hasemi aliko, ila anataka kujua "cha Mjerumani kinakwenda shilingi ngapi". Maswali ni yaleyale, basi nimeona niandike majibu mahali pamoja, nami nipate usingizi.

Jambo moja nitalirudia mpaka likukere: usisugue kitu ambacho hujakisoma. Upanga wa jeshi una maandishi, hata kama wewe unaona kutu tupu. Namba, herufi, taji, mwaka, vyote vimegongwa kwenye chuma kwa kina kisichofikia unene wa ukucha, na msasa hauna macho.

Kwanza tuelewane majina

Huku kwetu ukisema panga, mtu anaelewa la kufyekea. Upanga ni ule wa vita. Ukipinda huitwa kitara. Jambia ni lile fupi la Kiarabu lenye ncha iliyojikunja, bwana harusi hulichomeka kiunoni. Singe ni kisu cha kufunga mdomoni mwa bunduki. Bapa ni ule ubao wa chuma wenyewe, na mgongo ni upande wake usio na makali. Mfuo ni mfereji unaopita kwenye bapa. Kazi yake ni kupunguza uzito bila kulilegeza bapa, wala si "njia ya damu" kama wanavyosema vijiweni. Msuka ni mkia wa chuma unaoingia ndani ya mpini. Kinga inalinda vidole. Ala ndiyo nyumba ya upanga.

Na niseme ukweli mapema: vingi ninavyoletewa si vya wapanda farasi. Sababu ni mbung'o. Katika vita vya Mjerumani na Mwingereza, mwaka 1916, wapanda farasi wa Afrika Kusini walipita kaskazini na katikati ya nchi, na farasi wao wakafa kwa maelfu. Vita vilipofika huku kusini, vikawa vya askari wa miguu na wapagazi. Mapigano ya Mahiwa, karibu na Nyangao kwenye njia ya Lindi kwenda Masasi, Oktoba 1917, yalikuwa ya bunduki na bombomu, yaani bunduki za rashasha. Mwezi uliofuata von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, akavuka Ruvuma na watu wake kuingia Msumbiji. Kwa hiyo kilichobaki kwenye mapaa ya nyumba zetu zaidi ni singe. Kitara cha farasi kikionekana, mara nyingi kilikuja na afisa, au kwa biashara ya pwani, au mtu alikinunua mbali baadaye sana. Hatua nitakazoeleza zinafaa kwa vyote.

Vya kuandaa kabla hujaanza

- Simu yenye kamera, daftari na penseli ya risasi laini
- Karatasi nyembamba, ile ya kuchorea ramani shuleni inafaa sana
- Futi ya fundi cherehani na rula ya chuma
- Mzani wa jikoni, uzi, tochi ndogo na sumaku
- Glovu za pamba (jasho la mkono lina chumvi, na alama ya kidole hugeuka kutu)
- Mafuta ya cherehani na mafuta ya taa kidogo
- Sufu ya chuma iliyo laini kabisa, namba 0000. Ile ya kusugulia masufuria siyo
- Senti tano ya zamani, ile ya samaki. Ni ya shaba, laini kuliko chuma, na hakuna chombo kinachoishinda kwa kazi nitakayokueleza
- Vitambaa vya fulana kuukuu, poda ya mtoto, nta ya nyuki

Msasa, grenda, limao, ukwaju, siki na maji ya betri viache vilipo. Najua shemeji yako alitumia ukwaju kwenye sinia la shaba likang'aa. Hili si sinia.

Kazi yenyewe

1. Piga picha kabla ya kugusa chochote. Tandika shuka jeupe karibu na dirisha, asubuhi au jioni, mwanga ukiwa unaingia kwa ubavu. Jua la saa sita linaua kivuli, na kivuli ndicho kinachoonyesha alama. Piga pande zote mbili, mgongo, kinga, kichwa cha mpini, mdomo wa ala. Piga hata uchafu.

2. Uliza kimetoka wapi, kisha uandike. Kijana mmoja alinijia na kitara amekiviringisha kwenye kiroba cha salfa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Umekipata wapi?"

"Cha babu."

"Na babu alikipata wapi?"

Akatazama chini. "Nadhani vitani."

Nikamrudisha kwa bibi yake. Wiki iliyofuata akaja na jibu: babu hakuwahi kwenda vita yoyote. Alikinunua Lindi mjini kwa Mhindi aliyekuwa akifunga duka, akakitundika sebuleni kwa kuwa alikipenda. Hadithi ilipungua ukubwa, lakini sasa tulikuwa na mahali pa kuanzia. Andika jina la aliyekupa, tarehe, na maneno yake kama alivyoyasema. Kama ni cha urithi, hakikisha ukoo unajua. Nimeshuhudia kitara kikiuzwa na mjukuu huku baba wadogo watatu hawana habari, na kesi yake ilifika baraza la kata.

Hapa hapa kuna suala la sheria. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda mabaki ya kabla ya 1863, inakataza kuchimbua bila leseni, na kutoa vitu vya kale nje ya nchi nako kunataka leseni. Kwa hiyo kama kitu kimetoka ardhini, Kilwa, Mikindani au popote, usikiuze wala usikisafishe. Anza kwa afisa utamaduni wa halmashauri yako. Kuhusu kumiliki na kusafirisha silaha yenye makali, ulizia polisi wilayani kabla, si baada.

ONYO: Usiende kuchokoa kwenye mahandaki ya zamani ya vita, Mahiwa au kwingine. Mabomu na risasi za 1917 bado zinaweza kulipuka. Ukikuta kitu cha duara au cha bomba chenye kutu, kiache, weka alama kwa mbali, toa taarifa polisi.

3. Kitoe kwenye ala kwa adabu. Shika ala upande wa mgongo tu. Usizungushe vidole upande wa makali: mshono wa ngozi ya zamani ukiachia, bapa linatokeza hapo na vidole vyako ndivyo vitakavyokuwa vikingio. Vuta taratibu. Kikikataa, acha, nenda mwishoni nilikoandika juu ya matatizo.

4. Pima. Urefu wa bapa hupimwa kwa mstari ulionyooka kutoka kwenye kinga hadi ncha, usifuate mkunjo. Ili kupata mkunjo, vuta uzi toka mgongo ulipo kwenye kinga hadi ncha, halafu pima pengo kubwa kabisa kati ya uzi na mgongo. Pima upana karibu na kinga. Pima unene wa mgongo mahali patatu: kwenye kinga, katikati, na sentimita kumi kabla ya ncha. Wengi wanaruka kipimo hiki cha unene, na ndicho kitakachokuokoa kwenye hatua ya saba. Mwisho uzito, bila ala.

5. Tazama umbo. Majeshi ya Ulaya yalibishana kwa zaidi ya miaka mia moja kama mpanda farasi akate au achome. Ugomvi huo umeandikwa kwenye maumbo ya panga zao.

Bapa pana lililopinda sana, linalozidi upana kuelekea nchani, na kinga ya chuma ya ukanda mmoja inayofanana na kikuku cha kupandia farasi: hilo ni umbo la Mwingereza la mwaka 1796, la wapanda farasi wepesi. Bapa lake ni kama sentimita 83. Lilitengenezwa kwa kukata tu. Waprussia, yaani Wajerumani wa kaskazini, walilipenda wakatoa la kwao mwaka 1811, karibu sawasawa, ila zito zaidi. Kinga ya shaba yenye matawi matatu na bapa lililopinda kiasi ni ukoo wa Mfaransa wa mwaka 1822. Wamarekani waliufuata mwaka 1840 na tena 1860, kwa hiyo usitangaze nchi kabla ya kuona alama. Mjerumani wa mwaka 1889 ana bapa jembamba na kinga ya chuma yenye nembo ya dola iliyotobolewa, tai kama ni Prussia.

Halafu kuna upanga ulionyooka kama mshikaki, bapa jembamba la karibu sentimita 89, na kinga kubwa kama bakuli. Huo ni wa Mwingereza, 1908. Waliokuwa wakitaka kuchoma walishinda ubishi mwaka huo, na Marekani wakafuata 1913 kwa upanga uliobuniwa na Luteni George Patton, yuleyule aliyekuja kuwa jenerali. Kichekesho ni kwamba ubishi ulipokwisha, bombomu lilikuwa limeshafika.

Usio na kinga kabisa, ulionyooka, wenye makali pande mbili na mpini mrefu wa duara, huo ni wa Kiomani. Wazee wa pwani wengine watakuambia ni feleji. Si wa farasi, lakini kama umeupata kwenye familia ya Mikindani au Kilwa, mimi ningeufurahia kuliko kitara chochote cha Ulaya, kwa sababu ni wa hapa.

6. Tafuta alama. Tenga jioni nzima. Zima taa ya chumba, washa tochi, ilaze karibu iguse bapa ili mwanga upite juu ya chuma kama maji. Anza mgongoni, maana hapo wasioujua upanga hawaangalii. Kisha shina la bapa, ile sehemu ya kwanza inayotoka kwenye kinga. Kisha kinga ndani na nje, kichwa cha mpini, na mdomo wa ala.

Ukihisi kuna kitu lakini husomi, pakaza poda ya mtoto kwa kidole, futa juu juu kwa kitambaa kikavu. Poda hubaki ndani ya herufi. Piga picha, halafu iondoe yote kwa brashi laini. Au weka karatasi nyembamba juu na pitisha penseli kwa ubapa, kama watoto wanavyonakili sarafu.

Utakachokutana nacho mara nyingi ni hiki:

Mshale wenye miguu mitatu pamoja na herufi WD ni mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili ikitazamana ncha kwa ncha maana yake jeshi lilishauondoa kwenye hesabu na kuuza. Herufi X ni alama kwamba bapa lilijaribiwa kwa kupindwa likarudi. Si msalaba wala si hirizi. Taji juu ya namba na herufi ni mkaguzi: B ni Birmingham, E ni Enfield, S ni Solingen, kwa kuwa Mwingereza naye alinunua Ujerumani.

Kwa Mjerumani, tazama mgongo: taji, herufi ya mfalme, chini yake tarakimu mbili za mwaka. W na 91, kwa mfano, ni enzi ya Wilhelm, mwaka 1891. Kwa Mfaransa, mgongo huwa na sentensi nzima ya mwandiko wa mkono yenye jina la kiwanda, Klingenthal au Châtellerault, na mara nyingi mwezi na mwaka.

Panga za maafisa wa Uingereza zina michoro kwenye bapa, na ndani yake herufi za mfalme. VR ni Victoria, mpaka 1901. E na VII ni Edward, 1901 hadi 1910. G na V ni George wa Tano, 1910 hadi 1936. Ukikuta jina Wilkinson, geuza mgongo utafute namba. Kumbukumbu za kiwanda hicho zimehifadhiwa na namba inaweza kukupa mwaka wa kutengenezwa.

ONYO: Neno Solingen peke yake halithibitishi kwamba upanga ni wa jeshi la Ujerumani. Solingen ni mji wa wafua visu na uliuza bapa kwa dunia nzima, pamoja na Ethiopia na nchi za Waarabu. Hili kosa nalisikia kila mwezi.

Sasa ungamo langu. Kitu changu cha kwanza kilikuwa singe, nilikipata Newala, mji ambao Wareno waliuteka kwa muda mfupi mwaka 1916 kabla ya kufukuzwa. Nilifurahi mno. Nikampelekea fundi wa kuchomelea, nikamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu: "Pitisha grenda, ling'ae." Dakika tano tu. Likang'aa kama kijiko cha hoteli. Usiku binti yangu akanionyesha picha aliyoipiga kwa simu mchana kabla sijaondoka nalo, na pembeni mwa picha, mgongoni, paliposhikwa na kivuli cha dirisha, ilionekana taji, W, na tarakimu moja: 8. Ya pili imefichwa na kidole chake. Singe ninalo mpaka leo. Nane na ngapi, sitajua.

7. Ogopa nakala. Viwanda vya India vinatengeneza nakala nyingi za panga za kijeshi kwa ajili ya maonyesho na mapambo, nazo zinafika kila mahali, hata kwenye maduka ya kukodisha mavazi ya harusi. Si vitu vibaya. Ubaya ni kuuziwa kimoja kwa bei ya upanga halisi wa 1796.

Rudi kwenye vipimo vyako vya unene. Bapa la kweli huanza nene kwenye kinga, milimita nane au tisa kwa nyingi, na hupungua mpaka mbili au tatu karibu na ncha. Mfua chuma aliyejua kazi hakubebesha askari uzito usio na maana. Nakala nyingi ni ubao wa unene mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Ukiishika, mkono unavutwa chini kama umeshika nondo.

Tazama kichwa cha mpini. Kwa vitara vingi vya jeshi, msuka unatokeza juu na umepigwa nyundo ukasambaa kama kichwa cha msumari wa ribiti. Nati ya kufungua kwa spana ni dalili ya kuongeza maswali, ingawa zipo panga halali chache zenye nati. Tazama kutu: ya kweli ni ya madoa, nyeusi hapa, nyekundu pale, na mpini umelika pale mkono unapokaa. Kutu ya rangi moja ya chungwa kila mahali imepikwa kwa asidi. Sumaku isiposhika bapa, hicho ni cha jukwaani. Na kwa kuwa chuma kisichoshika kutu kilianza kutengenezwa Sheffield mwaka 1913, neno "stainless" kwenye upanga unaoambiwa ni wa Napoleon linatosha kukurudisha nyumbani.

Kuna kundi la tatu, la wahunzi wetu: vitara vilivyofuliwa kwa spring za gari. Ukipewa kwa jina lake, ni kitu kizuri cha kuwa nacho.

8. Ondoa kutu, lakini si yote. Sasa ndiyo unaruhusiwa. Shabaha ni kuizuia kutu isiendelee kula. Kung'arisha si kazi yako. Kutu nyekundu inayotoa unga kidoleni iko hai; hiyo iondoe. Weusi laini uliokaa kama ngozi umekufa na unalinda chuma, uache. Ukifikia chuma cheupe umeshapita kituo.

Pakaza mafuta ya cherehani, viringisha kitambaa, acha usiku kucha. Kesho futa. Utaona kitambaa chekundu kama udongo wa Masasi. Rudia siku mbili tatu mpaka kipungue. Palipobaki magamba, dondosha mafuta, shika senti tano karibu wima, na kwangua kwa ukingo wake, taratibu, kwa kufuata urefu wa bapa. Utasikia mkwaruzo mdogo mkavu, halafu gamba linaachia na sauti inabadilika kuwa laini. Hapo simama. Shaba haiwezi kukwaruza chuma kilicho chini, ila itaacha rangi kidogo ya wekundu wake, na hiyo inatoka kwa mafuta ya taa. Ijaribu sarafu kwa sumaku kwanza. Ikishika, si shaba, tafuta nyingine.

Kilichobaki tumia sufu 0000 yenye mafuta, kwenye eneo la ukubwa wa stempu kwanza. Ukaone kesho yake mchana. Ukiridhika, endelea. Kamwe usizungushe mviringo. Na usiguse sufu hiyo kwenye bapa lenye michoro ya maafisa. Kule ni mafuta na kitambaa tu, hata ikichukua mwezi.

ONYO: Mafuta ya taa fanyia nje, mbali na jiko la mkaa. Vitambaa vilivyolowa visirundikwe ndani.

9. Shaba, ngozi na mti. Shaba ifute kwa kitambaa kikavu, basi. Dawa za kung'arishia hula pembe za alama. Mipini mingi ya maafisa imevishwa ngozi ya samaki, ya taa au papa, ile yenye vipele ambayo mafundi wa zamani walitumia kama msasa. Usiilowanishe, ikilowa huvimba na kubanduka. Mpini ukikuta umebadilishwa kwa mpingo, mwenyewe nilikuwa nikifikiri umeharibiwa. Siku hizi nauacha. Mtu wa hapa aliuona umevunjika akautengeneza kwa mti wa hapa na mkono wa hapa, na kazi yenyewe mara nyingi ni nzuri kuliko ya kiwandani.

10. Hifadhi dhidi ya bahari. Huku pwani hewa yenyewe ina chumvi. Upanga unaokaa salama miaka mitano kule juu Makonde utashika kutu Shangani ya Mtwara ndani ya wiki mbili.

Uweke bapa juani nusu saa lipate joto, pakaza nta ya nyuki nyembamba, futa mpaka mkono usinate. Usitumie mafuta ya nazi: yanaganda, yananuka, na sisimizi watakupata. Usihifadhi upanga ndani ya ala ya ngozi kwa muda mrefu, ngozi hunyonya unyevu na ina asidi za kutengenezea. Vitenganishe, vilale jirani. Usitundike kwenye ukuta wa saruji moja kwa moja wala ukuta unaopigwa na kusi. Weka ubao katikati. Vile vifuko vidogo vya kwenye boksi za viatu vikusanye, viweke sandukuni, vinanyonya unyevu.

Na ghala la korosho siyo makumbusho. Mafuta ya ganda la korosho yanababua mkono wa mtu. Fikiria yatafanya nini kwenye ngozi ya mpini. Kagua kila wiki mbili kuanzia Desemba mpaka Aprili, miezi mingine mara moja kwa mwezi inatosha.

11. Ukitaka kununua. Anza na kimoja. Omba picha ya mgongo na ya kichwa cha mpini. Muuzaji asiyetaka kukupa hizo mbili ameshakujibu. Linganisha namba ya kwenye kinga na ya kwenye ala: zikifanana, viliishi pamoja, na thamani inapanda. Kuagiza kutoka nje usithubutu kabla ya kuzungumza na polisi na forodha. Ukisafiri nacho kwenye basi, kifunge kwenye turubai, kamba tatu, kiende kwenye buti, na konda ajue ni nini. Niliwahi kupanda nacho juu. Watu walihama viti.

Matatizo ninayoulizwa zaidi

*Hakitoki kwenye ala.* Msivute watu wawili, huku na huku. Kikiachia ghafla kuna mtu ataumia, na kisipoachia mpini unang'oka. Ala ikiwa ya chuma, isimamishe mdomo juu, tia mafuta mepesi kijiko kimoja, acha siku tatu, gonga ubavu kwa kipande cha mti, jaribu tena. Yawezekana ikachukua wiki tatu. Ala ya ngozi usitie mafuta. Iache ndani mahali pakavu kipindi cha Julai na Agosti, inaweza kuachia yenyewe.

*Mpini unacheza.* Usimimine gundi. Ngozi au mti wa ndani umesinyaa. Uuache ucheze, usiutikise kuwaonyesha wageni.

*Kutu imerudi pale pale.* Umeacha chumvi chini. Rudi kwenye mafuta ya usiku kucha, siku tano safari hii, ndipo nta.

*Kuna uchafu wa kijani kwenye shaba, penye ngozi.* Ngozi na shaba vinagombana. Toa kwa kijiti cha mti, si kisu, halafu futa.

*Mchwa wameingia kwenye ala ya mti.* Itenge na vitu vingine leo hii. Iweke kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, kisha kwenye friza wiki mbili. Itoe na uiache ndani ya mfuko siku nzima mpaka iwe na joto la chumba. Wauza samaki wa feri wana mafriza makubwa, lakini eleza mapema ni nini kimo ndani.

*Kuna mtu anasema ndani ya mpini kuna zebaki, atanunua kwa mamilioni.* Ndani ya mpini kuna msuka, mti, na labda lami kidogo ya kushikizia. Atakuomba kwanza hela ya "kupima". Wengine wamepasua mipini mizuri kwa nyundo wakitafuta hiyo zebaki, nami nimeletewa vipande ndani ya rambo nivirudishe. Usimpe hela, usimpe upanga, na picha zako za hatua ya kwanza usimtumie.